Chasisi ya Iowa, tela la Shinyanga

Jumamosi iliyopita nimeshinda nimelala chali chini ya gari la shamba, mkononi brashi ya waya na kitambaa kilicholowa dizeli, natafuta rangi. Sipaki, natafuta. Jirani yangu hapa Iowa, Marekani, mzee wa miaka themanini na ushee, ana chasisi kuukuu ya gari la kubebea mahindi: ekseli mbili, magurudumu manne na mti wa kuvutia, basi. Bodi lilishaoza zamani. Anataka kujua nani aliitengeneza na ilitoka kiwandani na rangi gani. Nikadhani ananitania.

Kumbe kwa wenzetu hili ni jambo zito. Juu ilikuwa kijani, nami nikajifanya mjuzi: John Deere, wale watengenezaji wa matrekta wa Moline, Illinois, kijani na magurudumu ya njano. Mzee akacheka. Akaniambia nikwangue pale grisi ilipogandamana, maana grisi huikinga rangi na jua na mvua. Chini ya lile donge ikatokea nyekundu mbichi kama nyanya. Nyekundu iliyopigwa jua usiiamini, akasema, hupauka mpaka uione ya chungwa, ukaisingizia Allis-Chalmers, kampuni nyingine ya matrekta, yao ni ya chungwa. Tukasugua chuma, herufi zikachomoza: IHC. Hao ni International Harvester, kampuni iliyozaliwa 1902 McCormick na Deering walipoungana. Na kijani je? Mwenye nayo wa zamani alinunua trekta la kijani, akapenda vifanane!

Sasa nyumbani. Tela la ng'ombe la baba kule Shinyanga limebeba pamba, maji, na bibi yangu alipopelekwa zahanati usiku. Ekseli yake ni ya pikapu iliyokufa, imechomelewa na fundi chini ya mwembe. Halina namba wala herufi. Najua kuna atakayesema watu wana shida zao, wewe unaleta habari za rangi. Sawa, lakini sikubali. Yule fundi, kabla ya kukata mti wa kuvutia, aliwapima maksai wetu kwa kamba, kuanzia nira hadi nyuma ya mapaja, akaongeza shibiri mbili ili kwenye mteremko tela lisiwagonge miguu. Kiwanda gani cha Illinois kiliwahi kumpima ng'ombe wa mteja? Ujuzi ule haujaandikwa popote. Wamarekani wanaijua historia ya chuma kilicholala bandani. Chetu kinafanya kazi kila siku, na hatuna hata mstari mmoja juu yake. Mimi hilo linaniuma kuliko baridi ya huku.

Nikampigia mdogo wangu, akampelekea fundi simu. Shikamoo, marahaba, habari za wazungu. Nikamwomba achomelee jina lake na mwaka kwenye ekseli.

"Jina la nini, mwanangu? Si wote wananijua?"

Nikauliza ile rangi ya bluu ya tela aliitoa wapi. Ilibaki walipopaka madirisha ya shule, akasema, mwalimu mkuu alimpa kopo nusu. Na mwaka? Hapo akafikiri, akamuuliza mtu aliyekuwa karibu naye, wakabishana kidogo.

"Andika mwaka ule wa mvua za El Nino. Tela lilikwama siku ileile niliyolikabidhi."

Nimeandika kwenye daftari: 1997 au 1998, bluu ya madirisha ya shule.