Baba hakunipimia ngwe

Hapa Leipzig, Ujerumani, nilisubiri miaka minne kupata bustani. Miaka minne jina liko kwenye daftari la chama cha bustani, nikisubiri kukodishwa kipande ambacho kwetu Muheza, Tanga, mtu angefungia ng'ombe wawili tu. Nilipomsimulia baba kwa simu alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Kwani huko watu wanapanga foleni ili wakalime?"

Wanapanga. Na wakishapata, wanalimishwa kwa sheria: kiwanja kisizidi mita za mraba 400, kibanda kisizidi 24, na usithubutu kuhamia humo na godoro lako. Theluthi moja ya eneo lazima iwe mboga na matunda. Ukijaza nyasi na viti vya kuotea jua, unaletewa barua. Mwanzoni niliona vituko. Siku hizi hiyo theluthi ningeipakia kwenye sanduku niende nayo nyumbani.

Maana kwetu, ambako ukitema mbegu ya papai dirishani baada ya muda una mti, watu wanamwaga zege ua mzima. Binamu yangu amejenga nyumba nzuri kweli, sina ugomvi nayo. Lakini uani hakuna hata shina la mchaichai, na mchicha ananunua gengeni fungu kwa fungu. Ukimuuliza, anasema matope yanachafua gari.

Namwelewa. Tulisoma naye shule ambayo jembe lilikuwa fimbo ya pili. Umechelewa namba, unapimiwa ngwe. Umepiga kelele, kuna kisiki kinakusubiri. Sera ya Nyerere ya Elimu ya Kujitegemea, ya mwaka 1967, ilitaka mtoto aiheshimu kazi ya mikono. Kwetu kilichobaki ni adhabu, na mahindi ambayo hatukujua yaliliwa na nani. Mtu aliyelelewa hivyo akishika hela, unategemea apande bilinganya?

Baba naye alikuwa mwalimu, ila shule nyingine. Jioni akirudi anavua viatu vya kazini, anakunja suruali, anachukua kopo la Blue Band alilolitoboa kwa msumari, na hasemi "kalimeni". Anasema, "Njooni muone." Tunakwenda kuona. Siku moja ni ua la kwanza la bamia, siku nyingine ni kiwavi mnene kwenye kabichi. Kwenye kitalu cha mchicha, chini ya kichanja cha makuti, hakuna kumwagilia kabla hujachomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kimeshikwa na udongo, acha. Kikitoka kikavu, leta kopo. Niliwahi kuiozesha miche yote kwa maji, nikajificha nyuma ya choo nikisubiri kiboko. Alinipa mbegu nyingine.

Bustani za huku zinaitwa kwa jina la daktari, Schreber, ambaye zilipoanza alikuwa ameshafariki. Aliyezianzisha hapa Leipzig, mwaka 1868, ni mwalimu mstaafu aitwaye Karl Gesell. Aliwagawia watoto vitalu pembeni ya uwanja wa michezo. Watoto wakachoka, magugu yakatamalaki, wazazi wakashika majembe wenyewe. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Huyo mwalimu mwenzangu kabisa," alisema.

Nisiwasifu Wajerumani kupita kiasi. Baridi yao haina adabu: mwaka wa kwanza nilitoa nyanya nje Aprili, jua linawaka, kidole nimechomeka vizuri tu, na usiku mmoja wa Mei ukazifagia zote. Halafu majani ya maboga wanayatupa! Nimewapikia kwa nazi ya kopo, sasa wananiletea ya kwao kwa mifuko.

Bibi wa kiwanja cha jirani alinikaribisha na kikopo cha maua ya zambarau. *Usambaraveilchen*, akaniambia, yanatoka mbali sana. Nikamfungulia ramani: bibi, yanatoka mgongoni mwa kwetu. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, aliyakuta kwenye milima ya Usambara mwaka 1892 akampelekea baba yake mbegu huku Ujerumani. Mimi baba yangu nilimpelekea picha. "Haya si ndiyo yanayoota kwenye majabali kule Amani? Wanayauza?"

Jumapili iliyopita nilimwambia, kwa mara ya kwanza nadhani, asante kwa ile bustani. Nikamwambia kwamba hapa, siku ambazo nimechoka na kila kitu, huwa naenda kupiga magoti kwenye tuta la mchicha. Simu ikawa kimya, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniambia nigeuze kamera auone udongo.

"Mweusi. Umemwagilia leo?"

"Bado, baba."

"Chomeka kidole."