Kofia kichwani, gunia kwenye keria

Hoja ya wanaotaka sheria ya kofia kwa waendesha baiskeli ni nyepesi kuitamka: bodaboda wanalazimika kuvaa kofia ngumu, kwa nini mwenye baiskeli aachwe kichwa wazi?

Anayetaka sheria hajakosea. Kofia ya baiskeli ni povu gumu, jamii ya lile jeupe linalofungiwa televisheni, na kazi yake ni kubonyea badala ya fuvu. Kwa kipimo cha Ulaya, EN 1078, huangushwa kutoka kimo cha mita 1.5 hivi juu ya chuma bapa, ikagota kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa. Wapo wanaocheka: lori la saruji linakwenda 80, povu litafanya nini? Wanasahau kwamba mita 1.5 ndiyo karibu kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa kwenye baiskeli ya Phoenix. Kofia imepimiwa anguko, na mtu huanguka hata pasipo lori: mchanga umetelezesha gurudumu, spoku zimekatika, mbuzi amekatiza njia.

Upande wa pili nao una la kusema. Jimbo la Victoria, Australia, lililazimisha kofia kuanzia Julai 1990. Wavaaji wakaongezeka, majeraha ya kichwa yakapungua, lakini waliohesabiwa barabarani wakiendesha nao wakapungua, hasa vijana. Wataalamu bado wanabishana nafuu ipi ililetwa na kofia na ipi na watu kuacha baiskeli. Mfano wa Uholanzi, ambako wengi huendesha kichwa wazi, hautusaidii sana: wao wana njia zao zilizotengwa, huku kwetu Mikindani, Mtwara, baiskeli na lori hugawana lami moja.

Kwa maoni yetu, kuvaa ndiyo, kulazimisha bado. Faini ingemwangukia kwanza anayepeleka mihogo sokoni, na shilingi zake za mwanzo zina kazi ya haraka zaidi: breki.

Baiskeli nyingi za mizigo zina breki za fimbo na rimu za chuma. Rimu ikilowa, raba haishiki mpaka ifute maji kwanza, na kufuta huko kunakula mita kadhaa. Weka gunia la korosho la kilo 80 kwenye keria, ongeza mteremko na mvua za Desemba, hapo unacheza kamari. Anza kuminya kabla ya mteremko, kidogokidogo, na badilisha raba kabla chuma chake hakijaanza kukwaruza rimu.

Kosa jingine ni kubana ukingoni kabisa, eti kwa adabu. Gurudumu la mbele likidondoka kwenye changarawe na ukalirudisha kwa mshazari, kingo ya lami hulinasa na kukutupa ndani ya barabara, mbele ya kinachokuja nyuma yako. Acha nusu mita hadi mita moja kutoka ukingoni. Ukishadondoka, simama, shuka, pandisha kwa mkono. Na usipite kushoto mwa lori linalokata kushoto, dereva hakuoni. Usiku, kiakisi chekundu nyuma ni cha lazima, na gunia lisikifunike.

Anayenunua kofia ya mtumba aivue sponji za ndani alitazame povu. Likishabonyea halirudi, na ufa hupenda kujificha chini ya ganda. Yenye ufa ni ya kutupa, hata iwe ya bei gani. Iliyo nzima ikae mlalo, vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ifanye umbo la V chini ya masikio, na kidole kimoja au viwili tu vipite chini ya kidevu. Baraghashia nyembamba au mtandio ndani havina neno. Fundo nene la kilemba huinua kofia, ikaacha paji la uso wazi. Elementi, yaani kofia ngumu ya bodaboda, inakinga, ila ina uzito wa zaidi ya kilo moja na joto la kutosha kukufanya uitundike kwenye usukani kabla hujafika Mingoyo.