Rivyu ya CPA au msuli wa mwenyewe? Mi nasema anza na msuli

Dogo mmoja pale ofisini kanifuata wiki iliyopita, anaingia final ya CPA, ile mitihani ya uhasibu, anataka kukopa hela alipie rivyu, yaani madarasa ya kujiandaa na mtihani, ya masomo yote manne. Kaniuliza, "Kaka, bila rivyu mtu anatoboa kweli?" Nilimjibu kwa kifupi maana tulikuwa tunafunga mwezi, ila lile swali limenikaa kichwani mpaka leo, na najua wako wengi wanaojiuliza hivyo hivyo.

Mimi nimepita njia zote mbili. Mara ya kwanza, Mei 2024, nililipia rivyu kamili, masomo yote manne, C1 mpaka C4. Natoka kazini saa kumi na moja jioni, nabanana kwenye mwendokasi mpaka Posta, pindi linaanza saa kumi na mbili linaisha saa tatu, Kimara nafika saa nne na kitu, nakula nalala. Jumamosi pindi tena toka asubuhi. Miezi mitatu mizima hivyo, na katika hiyo miezi mitatu maswali niliyosolvu mwenyewe, kwa mkono wangu, bila kuchungulia jibu, hayafiki kumi. Mwalimu anasolvu ubaoni we unakopi, kila hatua unaielewa, unatoka pale unaona kabisa hapa nimeshaiva. Kumbe ulichoelewa ni namna yeye anavyosolvu.

Kwenye C1, somo la ripoti za fedha za makampuni, likaja swali la konsolidesheni, yaani kuunganisha hesabu za kampuni mama na tanzu yake: kampuni mama imenunua kampuni tanzu katikati ya mwaka, halafu wameuziana mzigo na nusu ya mzigo bado uko stoo. Swali la hivyo nililiona ubaoni si chini ya mara tatu. Nikaanza vizuri na gudwili (ile bei iliyolipwa juu ya thamani ya mali halisi za tanzu), nikakumbuka faida ya ule mzigo ulioko stoo inatakiwa kutolewa, lakini inatolewa kwa nani, kwa mama peke yake au wale wengine wenye hisa chache kwenye tanzu nao wanabeba? Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, kuja kuangalia saa nimekaa nalo zaidi ya saa nzima. Pepa ni masaa 3 kwa maksi 100, yaani kila maksi ina dakika 1.8, swali la maksi 20 ni dakika 36 unaachana nalo. Hiyo hesabu ya dakika hakuna aliyewahi kunifanyisha, na mimi sikuwahi kukaa hata siku moja na pepa nzima na saa mezani.

C1 ikagoma. C4, somo la kodi, nayo ikagoma, na hapa nina uchungu kidogo. Madesa tuliyopewa yalikuwa ya zamani. Kodi za nchi hii hazikai, bajeti inasomwa Juni, Sheria ya Fedha mpya inaanza kazi Julai mosi, kila mwaka. SDL kwa mfano, ile tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, ilishushwa toka asilimia 4 kuja 3.5 Julai 2023, sisi mwaka 2024 tunasoma desa lenye 4, na mtu kalipwa hela kutupa hilo desa. Sisemi hiyo SDL ndo ilinifelisha, ila ukishakuta kosa moja la hivyo unajiuliza mangapi mengine umeyameza. Na sheria zenyewe ziko bure kwenye tovuti ya TRA, unadaunilodi unasoma mwenyewe.

Nikabaki na hizo mbili. Mara ya pili sikulipia chochote mwanzoni. Nikawa naamka saa kumi alfajiri, nyumba imetulia, naweka simu chumba kingine, nasolvu pepa za nyuma. NBAA wenyewe, bodi ya wahasibu inayotunga hii mitihani, wanatoa mitihani iliyopita na majibu yake, na ukisoma majibu yao unaona maksi zinakaa wapi, kitu ambacho kwenye pindi nilikuwa sikioni. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa napata aibu, nasolvu swali napata maksi 6 kwenye 20. Lakini zile 6 zilikuwa zangu, na nilijua kabisa nimekwama mstari gani.

Baada ya kama mwezi ndo nikalipia rivyu, ya C1 tu, tena nikaenda na daftari lina maswali yangu kumi na moja nimeyaandika. Siku ya kwanza nikauliza lile la mzigo wa stoo. Mwalimu akachora viboksi viwili ubaoni, mama juu, tanzu chini, akaniuliza, "Nani kamuuzia mwenzake?" Nikasema tanzu. "Basi faida ilikaa kwa tanzu, na tanzu ina wenye hisa wangapi?" Hapo hapo likaniingia: akiuza tanzu, wenye hisa chache wanabeba sehemu yao, akiuza mama anabeba mwenyewe. Dakika tano. Mwalimu wa hivyo lipa hata mara mbili, sina neno. Ila yale maelezo yangenipita kama yalivyonipita mwanzo kama nisingekuwa nimeshapigana na lile swali peke yangu.

Najua kuna watu watasema rivyu inakupa nidhamu, peke yako huwezi kusoma. Ni kweli kwa wengi, na kama umekaa miaka mitano hujagusa vitabu au kazi yako haina uhusiano na hesabu, lipia, usijitese. Lakini nidhamu unaweza kuipata kwenye diskasheni ya watu watatu. Sisi tulikuwa watatu, mmoja yuko Songea tunaongea naye kwa WhatsApp, kila Jumapili kila mtu anatuma picha ya alichosolvu. Usipotuma unapigiwa simu, na huyu wa Songea alikuwa hana huruma kabisa. Novemba nikamaliza zote mbili.

Kinachoniuma ni vijana wanaokopa, mshahara wenyewe laki nne na kitu, ada ya mtihani hapo hapo, nauli hapo hapo, halafu anaenda kukopi ubao miezi mitatu.

Dogo bado hajaamua. Ijumaa nimemprintia pepa moja ya C1 ya zamani, nikamwambia Jumamosi asubuhi kaa nayo masaa matatu, simu zima, majibu usiangalie. Jumatatu mchana tutakaa kantini tuisahihishe pamoja, tukishaona anapokwama ndo tuongelee habari ya mkopo.