Balraj Sahni hakutuomba machozi

Sisi tuliokulia kwenye picha za Kihindi tunamjua steringi wetu: anapigwa, anaimba, analipa kisasi, mwisho anashinda. Nawapenda wote hao. Lakini ukiniuliza ni nani aliyeiweza kazi ya uigizaji kuwashinda wenzake kule India, simtaji Dilip Kumar wala Amitabh Bachchan. Namtaja Balraj Sahni, na ushahidi wangu wa kwanza ni Do Bigha Zamin ya mwaka 1953.

Humo yeye ni Shambhu, mkulima anayedaiwa na kabaila anayekitaka kishamba chake ili pajengwe kiwanda. Mahakama inampa miezi mitatu awe amelipa deni. Anakwenda Calcutta na mwanawe mdogo, anaishia kukokota riksha, miguu peku. (Mkewe ni Nirupa Roy, yule yule aliyekuja kututoa machozi akiwa mama wa Amitabh katika picha ya Deewaar.) Siku moja abiria anamtaka aikimbize riksha nyingine iliyombeba mwanamke, na kila akizidisha mbio anaahidiwa pesa zaidi, mpaka gurudumu linachomoka. Mtazame usoni anapokimbia. Halii, wala hamwiti Mungu. Anapiga hesabu: mbio hizi ni rupia ngapi, na rupia hizo zitakomboa kiasi gani cha shamba.

Mwongozaji Bimal Roy alimtilia shaka alipomwona mara ya kwanza, na nani asingetia shaka? Mbele yake alisimama msomi wa Lahore mwenye shahada ya uzamili ya Kiingereza, aliyefundisha Santiniketan, kwenye chuo cha mshairi Tagore, akakaa kwa Gandhi kule Sevagram, kisha akawa mtangazaji wa BBC London wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtu wa suti. Balraj hakubishana. Aliwaendea wafugaji wa nyati wa maziwa waliohamia Bombay kutoka Bihar na Uttar Pradesh, akajifunza wanavyotembea na wanavyokaa. Calcutta akashika riksha na kuikokota mwenyewe barabarani. Katika kumbukumbu zake anamsimulia mkokota riksha mmoja aliyemweleza jinsi yeye pia alivyopoteza shamba kwa kabaila. Tangu hapo, anasema, aliacha kuhangaika na nadharia za sanaa, akayachukua maisha ya mzee yule.

Wapo wanaodai kwamba msomi hana haki ya kuigiza ufukara. Mimi nadhani haki hiyo inapatikana kwa kuijifunza kazi ya fukara, jinsi anavyoinama, anavyopumzika, anavyopokea senti. Waigizaji wengi wa wakati ule walichukua kilemba na vumbi tu, wakatulilia. Balraj aliichukua kazi yenyewe.

Na siasa yake haikuishia kwenye skrini. Alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, mwanachama wa IPTA, kundi la maigizo ya umma, na wakati wa kupiga picha ya Hulchul, iliyotoka 1951, alikuwa amefungwa. Mtayarishaji K. Asif alimwombea ruhusa ya kutoka gerezani kwenda kuigiza, na nafasi aliyopewa ilikuwa ya mkuu wa gereza.

Linaloniuma ni tuzo. Filmfare, tuzo za filamu za Kihindi, zilipotolewa mara ya kwanza, mwaka 1954, Do Bigha Zamin ilikuwa picha bora na Bimal Roy mwongozaji bora. Mwigizaji bora akawa Dilip Kumar, kwa picha nyingine. Balraj hakuipata tuzo hiyo maisha yake yote.

Nenda basi kwenye Garm Hava ya M. S. Sathyu. Humo Balraj ni Salim Mirza, Mwislamu wa Agra mwenye biashara ya viatu, anayekataa kuhamia Pakistan baada ya India kugawanywa, huku ndugu, wateja na nyumba vikimtoka kimoja kimoja. Binti yake anajiua, naye anasimama mbele ya maiti bila sauti. Balraj mwenyewe alikuwa amefiwa na binti katika miaka hiyo hiyo, na hata hapo hakuongeza kitu.

Alimaliza kurekodi sauti za picha hiyo, na siku iliyofuata, 13 Aprili 1973, moyo ukasimama, zikiwa zimebaki wiki chache atimize miaka 60. Wakaguzi wa filamu waliizuia Garm Hava kwa miezi wakihofia ghasia, ikaonyeshwa 1974. Filmfare iliwatuza waandishi wake kwa hadithi, mswada na mazungumzo. Mwigizaji bora wa mwaka huo akawa Rajesh Khanna.