Kutoka Kwenye Kasi Hadi Kwenye Uzito

Nilipokuwa na umri wa miaka 16, kipimo changu cha wimbo mzuri kilikuwa kimoja tu, nacho ni kasi. Binamu yangu alikuja kwetu Mombasa wakati wa likizo akiwa na kaseti iliyonakiliwa ya Reign in Blood, albamu ambayo Slayer, bendi ya hevi metali, ule muziki mkali wa magitaa ya umeme, iliitoa mwaka 1986, yenye nyimbo 10 zinazokwisha kabla ya dakika 30 kutimia, nami nikaamua kwamba muziki usioweza kukimbia namna ile haukustahili muda wangu. Mama, aliyelelewa na taarabu, alisimama mlangoni jioni moja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, una hasira na nani?" Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na hasira na mtu yeyote.

Kwa kipimo hicho hicho niliwahukumu Metallica, bendi nyingine ya muziki huo. Albamu yao ya mwaka 1991, ile yenye jalada jeusi, ilipunguza mwendo, na mimi nikauita upunguzaji huo usaliti, nikawadharau waziwazi wenzangu walioanza kuupenda muziki huu kupitia nyimbo hizo. Leo naamini nilikosea, na nasikitika kwamba tabia hiyo ya kumpima shabiki kabla ya kumkaribisha ingali hai miongoni mwetu, kwani imewafukuza watu wengi ambao walihitaji tu mlango wa kuingilia.

Kisha ulikuja muongo mzima ambao sikusikiliza hevi metali hata kidogo. Kazi, ndoa na watoto vilichukua nafasi, kaseti zikakaa juu ya kabati, na ndugu wakanipongeza kwamba nimekua. Sikubaliani nao. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na kwa kuwa nilijua kusikiliza kwa namna moja tu, kasi iliponishinda sikubakiwa na kitu cha kushika.

Kilichonirudisha ni Black Sabbath, bendi ambayo ujanani niliiona ya wazee. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa na umri wa miaka 17, akifanya kazi katika kiwanda cha mabati mjini Birmingham, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Na kwa kuwa yeye hutumia mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vinavyobonyeza nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko mfano wa subana ya mshonaji, akatafuta nyuzi nyembamba, na ilipofika albamu ya Master of Reality, mwaka 1971, alikuwa akizilegeza kwa toni moja na nusu katika baadhi ya nyimbo ili zisimpe taabu. Sauti ya gitaa ikashuka, ikajaa, ikawa na ule uzito ambao bendi nyingi zimeufuata tangu hapo. Miaka yote nilidhani uzito ule umetoka kwenye hasira. Kumbe mkono uliojeruhiwa ulikuwa ukitafuta namna ya kuendelea na kazi.

Katika albamu hiyo hiyo umo wimbo After Forever, ambao mpiga besi Geezer Butler, aliyelelewa katika Ukatoliki, aliuandika kuhusu imani na kifo. Ningependa wanaouita muziki huu wa kishetani wausikilize mara moja tu.

Sijaikataa kasi. Duma, vijana wawili wa Nairobi ambao albamu yao ilitolewa na kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020, walikwenda mbio kuliko chochote nilichokisikia nikiwa kijana, nami nafurahi kwamba walitokea, ingawa siwezi kukaa nao kwa saa nzima.

Tarehe 5 Julai 2025, Black Sabbath wanne wa awali walipiga pamoja kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, kwao Aston, mjini Birmingham. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, aliyekuwa na ugonjwa wa Parkinson, aliimba akiwa ameketi. Alifariki siku 17 baadaye. Nilikuwa nikitazama picha za usiku ule kwenye simu, sauti nimeipunguza kwa sababu watoto walikuwa wamelala, Mama akaja akauliza yule mzee kitini anaumwa nini. Nilimweleza, kisha nikamwonyesha vidole vya Iommi. Akavuta kiti, akaniambia niongeze sauti kidogo.