Kompyuta Iligoma Kuamka, Kamati Ikaamka

Picha ya ukuta wa kikao chetu cha kamati ya harusi mnayotumiana tangu jana usiku ni ya kweli, na mkono ulioshika chupa ya soda pembeni mwake ni wa shangazi yangu. Maelezo yaliyoambatana na picha hiyo, hata hivyo, yameandikwa na rafiki yangu ambaye wengi wenu mnamfahamu, mtu ambaye habari haijawahi kupita mikononi mwake ikatoka bila chumvi. Si kweli kwamba nilisimama mbele ya kamati ya harusi ya mdogo wangu nikawasomea watu madeni yao. Si kweli kwamba mwenyekiti alinivua ukatibu papo hapo, kwani alichosema ni kwamba nipumzike kidogo. Na kuhusu hilo la kwamba nilikuwa nimelewa pombe, kikao kilikuwa cha soda na sambusa, tena soda zenyewe zilikuwa za moto. Nilichokuwa nikikifanya, kwa utulivu na kwa nia njema, ni kuiamsha kompyuta ya mezani iliyokuwa imelala.

Mnaoijua ofisi yangu ya uchapaji hapa Morogoro mnajua jinsi ilivyo. Kompyuta iko mbele kwenye kaunta, na nyuma ya ukuta wa mbao kuna chumba ambacho kamati hukutania bure kwa sababu katibu ndiye mwenye funguo. Kebo ya projekta hupita juu ya ukuta huo, kwa hiyo ninachokiona mimi kwenye skrini ndicho wanachokiona wenzangu ukutani. Mhazini huketi mlangoni, katikati ya vyumba hivyo viwili, akinisomea daftari lake, nami huandika kwenye jedwali la Excel lenye safu za jina, ahadi, kilicholipwa na maelezo. Safu ya maelezo ilikuwa bado tupu. Mwenyekiti alikuwa ameagiza kwamba humo iandikwe sababu ya kila aliyechelewesha mchango wake, nami nilikuwa tayari nimeweka kishale kwenye kisanduku cha kwanza, mkabala na jina lake yeye mwenyewe, ndipo sambusa zikaingia. Naomba mkikumbuke kisanduku hicho.

Tulikula kwa muda uliotosha kompyuta kuchoka kutungoja. Kwa wasiofahamu, kompyuta inapolala haizimiki. Hukata umeme wa karibu kila kitu, yaani diski, feni na kadi ya picha, ikabakiza umeme kidogo wa kuilisha RAM, yaani kumbukumbu yake ya muda, ambako kazi zote zilizofunguliwa huendelea kushikiliwa hadi mtu atakapogusa kibodi. Ndiyo maana huamka upesi kuliko kuwaka upya, na ndiyo maana pia umeme ukikatika ghafla ikiwa usingizini, chochote ambacho hukukihifadhi kinaweza kupotea. Mimi sikuwa nimehifadhi chochote. Mhazini alikuwa amenisomea ukurasa mzima wa fedha zilizoingia, nami nilikuwa nimezipiga zote bila kukumbuka kubonyeza Ctrl na S. Hofu ya kuupoteza ukurasa ule ndiyo iliyonizuia kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 4 au zaidi, ambazo huilazimisha mashine kuzima, hatua ambayo ingeniokoa mimi pamoja na ukoo wangu.

Niliporudi kaunta, nikagusa kibodi kwa kidole ambacho hakikuwa na mafuta ya sambusa. Feni ikaanza kuvuma, na taa ya sipiyu iliyokuwa ikipepesa ikatulia, lakini skrini ikabaki nyeusi na kitaa chake kikabaki na rangi ile ya chungwa. Nikatikisa kipanya. Nikaizima skrini na kuiwasha kwa kitufe chake, ikaonyesha nembo ya watengenezaji wake, ikatangaza kwamba haipati ishara yoyote, kisha ikarudi kulala mbele ya macho yangu, bila aibu.

Fundi amenieleza leo asubuhi kilichokuwa kikitokea, na ni heri niwaeleze mapema ili msije mkadhani kwamba kulikuwa na mkono wa mtu. Kompyuta ilikuwa imeamka barabara. Aliyelala alikuwa skrini. Skrini yangu imeunganishwa kwa kebo ya picha ya aina ya DisplayPort, nayo ina hali ya usingizi mzito ambamo huacha hata kuijibu kompyuta inapoulizwa kama ipo. Kompyuta isipojibiwa huamini kwamba skrini imechomolewa, na kwa uungwana wake huhamishia madirisha yote kwenye kioneshi kilichobaki. Kioneshi kilichobaki kilikuwa projekta. Kwa maneno mengine, mtu pekee katika jengo lile ambaye hakuweza kuona nilichokuwa nikiandika ni mimi niliyekuwa nikiandika.

Mimi sikulijua hilo. Hoja yangu ilikuwa kwamba mashine imefika kwenye dirisha la kuingilia na inasubiri neno la siri, na kwamba nikiliandika gizani kwa usahihi, itafunguka yote pamoja na skrini. Sasa nalazimika kuwaeleza kuhusu neno lenyewe. Mwaka 2019 nilimkopesha fedha rafiki yangu yule yule mwenye chumvi, ili atengeneze injini ya bodaboda yake. Injini ilitengenezwa, bodaboda ikauzwa, na fedha zangu sijaziona hadi leo. Kwa kuwa ni rafiki na sikutaka kumdai kila siku, niliamua angalau kujikumbusha kila ninapofungua kompyuta, nikaweka neno la siri mdaiwasugu2019. Wataalamu hushauri kwamba neno la siri liwe refu na lichanganye herufi na tarakimu. Hakuna mahali waliposhauri litafakariwe pia kwa upande wa maana.

Mara ya kwanza niliandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, nikabonyeza Enter. Kule ukutani, kwa mujibu wa mashahidi, dirisha la kuingilia lililipokea neno langu likiwa limefichwa kwa vinukta, likanikubali, na jedwali likafunguka pale pale nilipoliacha. Kama ningeishia hapo, leo mngekuwa mnasoma mambo ya mtu mwingine. Lakini kwangu mimi giza lilikuwa lile lile, nikahitimisha kwamba nimekosea herufi. Nikakumbuka kwamba mtu mmoja aliwahi kunifundisha kupima uhai wa kompyuta kwa Caps Lock: kitaa chake kikiwaka na kuzimika unapokibonyeza, kompyuta iko macho na mgonjwa ni skrini, kisipojibu, kompyuta yenyewe ndiyo iliyokwama. Nikabonyeza. Kitaa kikawaka. Nilifurahi sana, kana kwamba nimeambiwa mgonjwa amefumbua macho, na katika furaha hiyo nikasahau nusu ya pili ya somo, yaani ile ya mgonjwa kuwa skrini. Nikakiacha kitaa kikiwaka, nikaandika tena neno langu la siri, nikabonyeza Enter.

Mkabala na jina la mwenyekiti wa kamati, mwenye ahadi ya shilingi 500,000, ukutani, kwa herufi kubwa na kwa mwanga wa projekta, pakaandikwa MDAIWASUGU2019.

Chumba kilinyamaza. Mimi nilidhani ni utamu wa sambusa.

Ninyi mnaotumia Excel mnajua tabia yake: ukibonyeza Enter, kishale hushuka kwenye kisanduku kinachofuata chini, na huko kulikuwa na jina la baba mdogo. Baba mdogo ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipa mchango wake wote, taslimu, na risiti yake hutembea nayo kwenye mfuko wa shati ili asije akaulizwa. Nikaandika. Enter. Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma kwa nguvu, kisha sauti ikaita, "Katibu!" Nami, Mungu anisamehe, nikajibu kwa sauti ya mtu anayejiamini, "Nivumilieni kidogo wazee wangu, inakaribia kuamka!" Baada ya kuwatuliza hivyo, nikaandika tena. Mstari huo ulikuwa wa mke wa mchungaji. Nilimsikia mtu akisema, "Yesu wangu," na nikaguswa moyoni kwamba kuna anayeiombea mashine.

Mhazini, ambaye alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka kwangu na ambaye angeweza kuinua mkono akanizuia, alikuwa ameuegemea mlango huku macho yamemtoka, akiangalia ukuta, akiniangalia mimi, akiangalia ukuta. Nimemuuliza leo kwa nini hakusema kitu. Amenijibu kwamba alidhani ni agizo la mwenyekiti.

Mstari uliofuata ulikuwa wa shangazi. Shangazi yangu husoma kila kitu kwa sauti, kuanzia mabango ya barabarani hadi ujumbe wa simu za watu wengine, na hapa ndipo nilipokuwa nimeshika kibodi kwa mikono yote miwili, nikiwa nimekwisha kuandika neno langu na kubonyeza Enter, na nikiwa nimeanza kuliandika tena kwa ajili ya mstari unaofuata bila kujua kwamba kuna mstari wowote. Sauti yake ikavuka ukuta wa mbao, ya taratibu, ya mtu anayetafuta miwani: "Mdai-wa-sugu. Elfu mbili na kumi na tisa." Kisha kimya kifupi. Kisha akauliza, "Yaani hizi shilingi 2,019 ndizo ninazodaiwa? Mbona niliahidi 100,000 nikatoa 60,000? Huyu mtoto anapigaje hesabu?"

Sijui kama yeyote kati yenu amewahi kusikia neno lake la siri likitamkwa na shangazi yake. Kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Halafu nikadhani nilikuwa nikiandika huku nikitamka, kwa hiyo nikafunga mdomo, ambao kumbe ulikuwa umefungwa muda wote. Halafu macho yangu yakaipanda kebo ya projekta, polepole, kutoka nyuma ya sipiyu hadi juu ya ukuta, mpaka pale inapopotelea upande wa pili, na jasho likaanza kunitoka kabla akili haijamaliza safari. Kidole changu cha kulia kilikuwa juu ya Enter. Kwenye kisanduku kilichokuwa kikisubiri, neno lilikuwa limekamilika, na mstari huo ulikuwa wa mjumbe aliyetumwa na upande wa bibi harusi, mgeni wetu wa heshima, ambaye alikuwa amefika kwenye kikao chetu kwa mara ya kwanza kuja kuona tunavyojiandaa na ambaye, kwa hiari yake mwenyewe, alikuwa ameahidi kreti za soda.

Kidole kilishuka. Sikukituma. Na kwa kuwa mwili uliopatwa na hofu hutafuta jambo lolote sahihi la kufanya, mkono wangu wa kushoto ukakumbuka kile ulichokuwa umesahau jioni nzima, nikabonyeza Ctrl na S. Jedwali likahifadhiwa.

Aliyecheka wa kwanza ni rafiki yangu, kwa sababu yeye peke yake mle ndani ndiye aliyeielewa ile 2019. Alicheka hadi akatoka nje, akarudi, akapiga picha, akatoka tena.

Yaliyofuata hayana haja ya kurefushwa. Niliomba radhi nikiwa mlangoni, kisha nikiwa katikati ya chumba, kisha kwa simu. Baba mdogo alitaka barua, ameandikiwa. Mwenyekiti amenirudishia ukatibu kwa sharti kwamba kompyuta iwekwe mle mle ndani anakoiona. Fundi alichomoa waya wa umeme wa skrini ukutani, akasubiri kidogo, akaurudisha, na skrini ikawaka kana kwamba haikuhusika na lolote. Akaingia kwenye menyu ya skrini yenyewe akauzima ule usingizi mzito, akasasisha kiendeshi cha kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha, akaniwekea kompyuta isilale kabisa wakati wa vikao. Kisha akanionyesha kwamba kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B vikibonyezwa kwa pamoja, kiendeshi cha picha huanzishwa upya bila kazi yoyote kupotea. Utasikia mlio mfupi, na mara nyingi picha hurudi. Nilimuuliza kama hilo linafanya kazi pia kwa Windows niliyonayo, akasema limekuwapo humo muda wote.

Neno la siri nimelibadilisha, na jipya ni jina la ua. Rafiki yangu amenitumia ujumbe akidai fidia kwa kudhalilishwa mbele ya kamati, ingawa jina lake halikuonekana ukutani, na amependekeza fidia hiyo ikatwe kwenye lile deni. Bado sijamjibu.

Tatizo sasa ni mhazini. Tangu saa moja asubuhi simu yake haijaacha kuingiza miamala. Mwenyekiti amemaliza ahadi yake yote, mke wa mchungaji amemaliza na kuongeza kidogo, na shangazi ametuma 40,000 zilizobaki pamoja na shilingi 2,019 juu yake, ili pasiwe na maneno. Mhazini amenipigia mchana huu, kwa sauti ya chini kidogo, akitaka kujua ni gharama gani kumwita fundi tena aje airudishe skrini ilivyokuwa, maana kikao cha mwisho ni Jumamosi na wa upande wa mama bado hawajalipa.