Utanikumbuka

Boti niliinunua kwa mtu aliyekuwa anacheka. Nilidhani ni mcheshi tu. Tulihesabiana hela pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, yeye akicheka, akina mama wa dagaa wakicheka, na mlinzi wa mwalo akageuzia uso ziwani huku mabega yakimtikisika. Boti yenyewe ni ya faiba, futi 19, nyeupe, na ubavuni imeandikwa kwa rangi nyekundu: UTANIKUMBUKA. Nyuma ilining'inia injini ya farasi 40, ile ya kuchanganya petroli na oili, mtumba. Nikamuuliza kwa nini anaiuza. Akasema anataka kupumzika.

Tangu siku hiyo pale mwaloni sina jina. Mwenye chombo ni tajiri, hata kama umeshuka sasa hivi kwenye daladala na chenji umedai. "Tajiri, shikamoo." "Tajiri, kamba yako ya nanga imechoka, inatakiwa mpya." "Tajiri, wanao wameilinda boti usiku kucha, hata chai hawajanywa."

Nisiwe mnyimi wa fadhila, raha ipo. Asubuhi ziwa likiwa limelala unatoka Kirumba, unapita mbele ya Jiwe la Bismarck, watu wa nchi kavu wamejipanga wanapiga picha, nawe unawapungia mkono kivivu, mtu uliyezoea. Pua ya boti inanyanyuka, unaikata Capri Point, unakiona kisiwa cha Saanane na mawe yake, upepo unakupiga kifuani. Dakika hizo sibadilishani na mbunge.

Tatizo ni kwamba huwa ni dakika kweli. Mwanzoni ilikuwa ikienda kidogo inazimika. Ukikaa ukipiga miluzi, inawaka tena, inaenda kidogo, inazimika. Fundi akaja, akaitazama, akafungua kiskrubu kidogo juu ya kifuniko cha tenki. Tenki likavuta pumzi, fyuuu. Akasema elfu ishirini. Kumbe kiskrubu kile kikifungwa, petroli inanyonywa na hewa haiingii, tenki linabana tumbo, injini inakosa mafuta. Kwa nini kiskrubu kimoja kikapewa madaraka makubwa namna hiyo, hakuna aliyenijibu mpaka leo.

Halafu kuna oili. Lita 1 kwa lita 50 za petroli, ndivyo nilivyofundishwa. Nami, kwa mapenzi tu, nikawa naiongezea. Moshi uliotoka siku ile akina mama walikuja kunilalamikia kwamba dagaa wao walioanikwa juani sasa wanauzwa kama wa kubanika.

Na kuna mkojo. Injini ya boti haina rejeta. Inanyonya maji ya ziwa ipoe nayo, na kiasi fulani yanarushwa nje nyuma kwa mrija mwembamba, ili nahodha aone kuwa pampu inafanya kazi. Pale mwaloni mrija ule una jina moja tu. Ukiwapigia mafundi kwa shida yoyote ile, hata kama boti imeibiwa, swali la kwanza ni: "Inakojoa?" Mfuko wa plastiki ukinaswa chini haikojoi. Pampu ikichakaa haikojoi. Isipokojoa, zima haraka kabla haijaungua. Nilishazoea kusimama ufukweni mbele za watu nikiinama kuitazama injini, naitia moyo.

Hayo ningeyanyamazia. Siku ya wakwe ndiyo siwezi.

Wakwe zangu ni watu wa Ukerewe. Walikuja kwa meli kutoka Nansio ili waende Igombe, kwa shemeji yangu, kumwona mjukuu aliyezaliwa. Daladala za Igombe zipo. Mke wangu alilisema hilo, kisha akalirudia polepole, namna anayomsemesha mtoto mwenye homa. Nikamwambia haiwezekani mtu ana boti, halafu wazazi wakabanane na ndoo za watu. Akasema basi yeye atatangulia na daladala, akamsaidie dada yake kupika.

Baba mkwe amevua maisha yake yote kwa kasia na tanga, na hajawahi kumiliki kitu kinachokunywa petroli. Alifika mwaloni akaizunguka boti kwa macho, akasoma ubavu silabi kwa silabi, akauliza kasia liko wapi. Nikamwonyesha, lilikuwa moja, chini ya benchi. Akalichomoa, akaliweka mapajani, hakuliachia tena. Nikasema moyoni, mazoea ya wazee.

Mama mkwe aliingia na kikapu cha kuku, zawadi ya mzazi. Tukavaa jaketi okozi, la mama likafungwa juu ya kitenge. Abiria asiye na jaketi alikuwa kuku peke yake.

Hapa lazima nieleze jambo. Mimi na mama mkwe hatutazamani. Si ugomvi, ni heshima. Nimelelewa hivyo: unainama, unasalimia, unaongea ukitazama kando, na ukiwa na ombi unalipitisha kwa mtu mwingine. Nyumbani ni rahisi, kuna milango. Kwenye boti ya futi 19 heshima inataka kipaji. Mama alikaa mbele, mimi nyuma kwenye injini, na kwa kuwa nahodha hawezi kutazama nyuma, nilikuwa natazama mbele kidogo kushoto.

Tulitoka vizuri. Iliwaka mara moja, ikakojoa, ikanguruma. Baba mkwe akashika kofia. Nikaona kama amevutiwa, ingawa kwa wazee wa kule uso ni uleule, wa furaha na wa msiba.

Mbele kidogo tukaingia kwenye magugu maji. Boti ikapunguza mwendo, injini ikaguna, nikajua yamejizungusha kwenye propela.

"Tulipokuwa vijana jani hili halikuwepo," alisema baba mkwe. Ni kweli, lilianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini alisema akiitazama injini, nikahisi ameviweka kwenye kapu moja.

Nikazima. Halafu nikachomoa klipu ya kile kikamba chekundu cha usalama, injini isije ikawaka mikono yangu ikiwa kwenye propela. Nataka hilo lijulikane: nilifanya kitaalamu kabisa. Kikamba nikakiweka kwenye benchi, nikainua mguu wa injini, nikainama kuchambua majani. Nyuma yangu kuku akapapatika sana. Mama mkwe akamkemea kwa Kikerewe. Kikapu kikatulia. Sikugeuka. Heshima.

Nikamaliza, nikashusha mguu wa injini, nikavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Nikavuta tena. Nikafungua choki, nikafunga choki. Nikavuta kwa hasira, kiwiko kikaenda na kofia ya baba mkwe, ikatua majini. Akaiopoa kwa kasia bila kuinuka, akaikung'uta, akaivaa ikiwa inachuruzika.

"Pole, baba."

"Endelea na kazi, mwanangu."

Mikono ikiwa imejaa grisi, nikampigia fundi, nikaweka simu kwenye spika.

"Tajiri! Imekufa tena?"

"Fundi, niko na wazee hapa."

"Sawa. Kabla haijazima, ilikuwa inakojoa?"

Boti nzima ikanyamaza. Hata kuku.

"Ilikuwa inatoa maji," nikasema.

"Maji gani?"

"Yale maji."

"Tajiri, usinizungushe, chaji inaniishia. Ilikuwa inakojoa kwa nguvu au inachuruzika?"

Baba mkwe akasafisha koo. "Ilikuwa inakojoa vizuri," akajibu yeye, kwa sauti ya shahidi mahakamani. "Nilikuwa naiangalia."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Kuanzia hapo waliongea wao wawili. Fundi akauliza kama lile puto la kwenye mpira wa mafuta limeminywa likawa gumu, baba mkwe akaliminya akasema gumu. Kiskrubu cha tenki je? Kimefunguliwa. Mimi nikaambiwa nitoe plagi. Nikazitoa zote mbili, nikazifuta kwa shati langu jeupe la kwendea ukweni, nikazichomeka kwenye kofia zake, nikaziegemeza kwenye chuma cha injini, nikavuta kamba. Hakuna cheche.

Wakati huo jua limefika utosini na upepo umegeuka. Ziwa hili lina ratiba yake: usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, mchana hugeuka kurudi. Tukaanza kusukumwa polepole kule tulikotoka.

"Sisi tulitoka na ule wa alfajiri," alisema baba mkwe, "tukarudi na huu wa mchana. Bure." Neno la mwisho alilitamka akiangalia dumu langu la petroli. Injini ile ikikazwa inakunywa zaidi ya lita 15 kwa saa, na nadhani alishanusa.

Ndege ikapita juu ya vichwa vyetu ikishuka uwanjani. Mama mkwe akamwambia mumewe kumbe usafiri upo.

Akatokea kijana kwenye mtumbwi, anapiga kasia, anaimba. "Tajiri, nikuvute?"

"Bei gani?"

"Elfu kumi na tano."

Baba mkwe akainua kasia. "Mimi mzee wa Ukerewe, unanivuta kwa hela?"

"Hapana mzee, wewe na mama bure. Hiyo ni ya tajiri."

Simu ikaita, fundi tena. "Nimefikiri. Plagi zote hazina cheche? Basi moto umekatwa kwenye swichi. Kile kikamba chekundu umekirudisha?"

Nikatazama benchi. Hakipo.

Bila klipu ile injini haiwaki hata uivute mpaka Pasaka, ndiyo kazi yake. Nahodha akidondoka majini, kikamba kilichofungwa mkononi kinaing'oa, injini inazimika. Nikarudisha plagi haraka haraka, nikaanza kutafuta. Chini ya mabenchi, chini ya tenki, mifukoni. Yule kijana akaacha mtumbwi wake ukielea, akaingia kwetu kutafuta. Nilitafuta kila mahali isipokuwa mbele.

"Kikoje?" akauliza baba mkwe.

"Chekundu baba, kimejiviringisha, mwisho kina plastiki."

Kimya. Kisha sauti ya mama, ikimwendea mumewe: "Muulize mkweo, ni kinachofanana na hiki?"

"Anauliza, ni kinachofanana na hicho?"

"Mwambie sijakiona, baba, natazama kushoto."

"Kimefunga kikapu," alisema yule kijana, ambaye hana mkwe.

Mama akaeleza, kwa kupitia kwa mumewe, kwamba kuku alitaka kuruka na kamba ilikuwa imekaa tu haina kazi. Alikuwa ameizungusha mdomo wa kikapu akapiga fundo la watu wanaofunga nyavu za sangara, fundo ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyokaza imani. Nikamwomba baba amwombe mama alifungue. Baba akamwomba mama. Mama akajaribu, akamjibu baba kwamba limegoma. Baba akanijulisha. Tulikuwa tumekaa hatua tatu. Kijana akachoka na bunge hilo, akachomoa kisu cha kuparia samaki, akampa mama.

"Mama, usikate!"

Lilinitoka kabla sijalizuia. Nami nimegeuka, namtazama usoni, naye ananitazama, kisu kikiwa hewani. Tangu nimemwoa binti yake haijawahi kutokea. Mama akanikagua jicho moja, akakagua la pili, akamgeukia mumewe kwa furaha kubwa.

"Kumbe hana makengeza!"

Miaka yote hiyo walikuwa wakiniombea.

Fundo lililegezwa na baba mkwe kwa meno. Klipu ikaingia, nikavuta kamba, injini ikawaka mara moja, ikakojoa upinde mzuri kabisa. Sote tukashangilia, na katika kushangilia hakuna aliyekumbuka kwamba kikapu sasa hakina kamba. Kuku akatoka. Akakanyaga tenki, akakanyaga kofia iliyolowa, akaruka, akatua kwenye mtumbwi wa yule kijana uliokuwa umeshaanza kuondoka na upepo. Kijana akapiga mbizi, akaufikia, akapanda, akamshika kuku miguu.

"Tajiri," akaita, "huyu ndiyo ile elfu kumi na tano?"

Nilinyamaza, naye akahesabu ndiyo. Igombe tulifika watu wakiwa wameshakula. Mke wangu hakusema kitu, akatazama shati, akatazama kofia ya baba yake, akaenda kupasha moto wali. Kuku mwingine nilimnunua palepale kwa jirani, aliyekuwa ameniona nikishuka kwenye boti, kwa hiyo bei ilikuwa ya tajiri.

Jioni wakwe walirudi mjini kwa daladala. Mimi nikabaki nafunga kamba, ujumbe ukaingia kwenye simu: "Tajiri, ya ushauri ni elfu ishirini, weka na ya kutolea. Msalimie mzee. Siku nyingine awe anapokea yeye."